Mavyuma ya Recteur

Mtu mwenye hasira za karibu asikae kwenye benchi ya Mama Sidonie. Kahawa yake haina kosa, imekolea maziwa ya asubuhi, na mandazi yanatoka mafutani ukiwa unayatazama. Kosa ni mahali. Benchi inaangalia barabara ya matope inayopita Masisi, ng'ambo ya barabara kuna geti la université, na ndani ya geti, palepale ambapo zamani ng'ombe walikuwa wakilala mchana, kimesimama kile kitu. Mabomba, mabamba, vyuma vilivyokunjwa kama kucha za kuku, vyote vimechomelewa pamoja mpaka vimepita paa la ofisi ya Recteur, mkuu wa université. Waliosoma wanakiita œuvre, kazi ya sanaa. Benchi nzima inakiita Mavyuma ya Recteur. Asubuhi hiyo vijana walikuwa wanapanga viti vya plastiki mbele yake, maana kesho yake wakubwa walikuwa wanakuja kukifungua kwa hotuba na utepe. Hubert alikuwa amekaa anawatazama wale vijana na viti vyao, na kopo lake la kahawa lilikuwa bado limejaa.

— Kunywa, Nyundo, inapoa, akasema Mama Sidonie.

— Acha ipoe.

— Miye sipikie batu kahawa ya kutazama.

Kazi ya Hubert ni kushusha fromage, jibini, kutoka mashamba ya juu mpaka barabarani. Jina la Nyundo alilirithi. Kwenye kiwanja cha shule ya msingi kuna mti wa avoka, na kwenye ule mti, tangu enzi za babu yake, ilikuwa inaning'inia jante, ile ringi ya chuma ya gurudumu la camion, imefungwa mnyororo. Nyundo ya kuipigia inakaa kwa ukoo wa Hubert. Baba yake aliipiga, naye akaipiga. Ikilia polepole, kuna msiba. Ikilia haraka kidogo na kunyamaza, watoto waingie darasani. Lakini ikilia bila kupumzika, kila mwenye mikono anaacha alichoshika, anachukua jembe, anakimbia kuelekea kwenye sauti. Hakuna kuuliza nyumbani ni nini. Unauliza ukishafika. Ndivyo watu wa pale walivyolelewa, na mtu anayebaki nyumbani siku hiyo anajulikana mpaka kwa wajukuu.

Sasa mti wa avoka umebaki na mnyororo mtupu. Jante iko kwenye Mavyuma ya Recteur, imechomelewa katikati, usawa wa kifua cha mtu. Recteur anasema pale ndipo moyo wa elimu.

Théogène akasimamisha moto yake, pikipiki ya kubebea abiria, akafuta matope kwenye buti, akakaa. Huyu ni motard, na benchi inamwita Courant, kwa sababu siku moja alifunga taa ya panneau solaire kwa jirani ikawaka, na tangu hapo anajua umeme wote wa dunia.

— Mumeona viti? Kesho bakubwa banakuja! Na munajua banakuja juu ya nini?

— Juu ya kula mbuzi, akasema Mama Sidonie.

— Wapi! Banakuja kuwasha ile machine. Ile si sanamu, Mama. Ile ni antenne. Kila nikipita pale na moto, simu yangu inapoteza réseau. Ile kitu inakula réseau yote, njo inaangalia chini ya udongo, inatuma Bulaya. Hapa kuna coltan, hapa kuna zahabu, hapa kuna maharagwe.

— Na maharagwe nayo inatuma?

— Machine haichague, Mama. Inatuma yote.

— Na ile shingo yake, si ni guidon, usukani ya moto yako ya zamani?

— Ni yangu, ndiyo! akasema Courant, na kwa dakika moja akasahau kukasirika. Unaona vile inapinda vizuri? Ile ni guidon ya kweli, si hizi za sasa.

Hapo ndipo aibu ya benchi ilipo, na ndiyo maana hakuna anayependa kuigusa. Fundi aliyetengeneza kile kitu hakuiba. Alikuja na Recteur, wakaomba kila nyumba itoe chuma kimoja ili kazi iwe ya watu wote. Watu wakatoa majembe yaliyolika, masufuria yaliyotoboka, mapipa. Siku ya kuomba jante, mkutano ulifanyika hapahapa, mbele ya thermos ya Mama Sidonie. Recteur aliahidi sirène, king'ora cha kisasa chenye panneau solaire, sauti yake isikike mpaka milima ya pili. Watu wakapiga makofi. Hubert mwenyewe alishika ngazi wakati jante inashushwa. Sirène iko njiani mpaka leo.

Papa Karangwa akafika na fimbo yake ya kuchungia. Ana ng'ombe wengi na maneno mengi kuliko ng'ombe, kwa hiyo anaitwa Sénateur. Akapokea kopo, akavuta kahawa kwa kelele.

— Nimesikia Courant akisema antenne. Courant, weye unasema sawa na mutoto. Antenne iko na waya. Wapi waya?

— Siku hizi ni sans fil, Papa, haitaki waya.

— Sans fil kitu gani! Ile inavuta mawingu. Chuma yote ile, imesimama, imechongoka, inatafuta nini huko juu? Tangu baisimamishe, mvua imenyesha kiasi gani? Mulishaona mwaka ya mvua sawa hii? Maziwa ya ng'ombe yangu inakataa kushikana. Fromage inabaki maji tu. Muulize Nyundo, iko hapa.

— Fromage yako ni ya uvivu, Papa Karangwa, akasema Hubert. Ng'ombe wako banakula majani ya kando ya barabara.

— Ayi! Nyundo, miye ninakutetea, na weye unanitukana? Ninasema mvua, mvua ya ile kitu, njo ilishusha mulima juu ya marehemu. Mvua njo ili...

— Mvua! Hubert akasimama, na kopo likaanguka, kahawa ikakimbia chini ya benchi. Mvua, mvua, kila siku mvua! Mama yangu hakuuawa na mvua! Mulikuwa wapi? Mulikuwa wapi nyote?

Wateja waliokuwa wanasubiri mandazi wakageuka kutazama barabara.

Kila mmoja alikijua kisa hicho. Ilikuwa mchana, mvua inamwagika, na mlima ukakatika juu ya nyumba ya Mama Nyiraneza. Udongo ukapita nusu ya nyumba na kuifunika cuisine yote, naye alikuwa ndani anapika maharagwe. Hubert alifika na jirani mmoja, na kati yao jembe lilikuwa moja. Wakasikia chini ya udongo mtu anagonga sufuria. Mama alikuwa hai, anawaambia niko hapa. Hubert akafanya alichozaliwa kufanya. Akachukua nyundo, akapanda mbio mpaka kwenye mti wa avoka, akainua mkono, na mbele yake kulikuwa na mnyororo unaotiririka maji. Alikuwa amesahau. Miguu yake ilimpeleka inakojua. Akageuka, akashuka barabara yote mpaka sokoni akipiga kelele, na mvua ile juu ya mabati ilimeza kila neno. Akaanza kugonga mlango kwa mlango. Watu wakatoka, hakuna aliyekataa, lakini mpaka wamefika wengi wa kutosha, sufuria ilikuwa imenyamaza.

Mama Sidonie akaokota kopo, akalisuuza, akalijaza tena. Akalishikisha mkononi mwa Hubert mwenyewe.

— Kaa, mwanangu. Hii hautalipa. Kaa.

Hubert akakaa. Nyundo ilikuwa ndani ya mfuko wa koti lake, inavuta koti upande mmoja. Tangu mazishi anatembea nayo, na hakuna aliyemuuliza.

— Leo ninaitoa, akasema.

— Unatoa nini?

— Jante. Fundi wa kusoudé, wa kuchomelea, pale sokoni iko na meule ya kukata chuma. Courant, uende uazime, na groupe yake ya umeme pia. Ninaikata leo, mbele ya viti vyao. Kesho bakubwa bakute shimo.

— Nyundo! Banakufunga!

— Banifunge! Mutazame ule mulima. Mutazame, musiinamishe kichwa. Munaona vile umepasuka juu ya nyumba ya Mama Libérata? Mvua ikirudi, ule utashuka. Mutapiga nini? Mutapiga makofi, sawa na ile siku?

Neno hilo liliwachoma. Courant akakuna shingo. Sénateur akachora chini na ncha ya fimbo.

— Kwa sheria, akaanza Sénateur taratibu, ile kitu tulitoa. Kitu ya kutoa...

— Papa Karangwa, weye usiniambie sheria.

— Tika, acha nimalize. Tulitoa. Lakini tulitoa juu ya nini? Juu ya sirène. Sirène haikuja. Donc tulidanganywa. Na muntu anadanganya wengine juu ya nini?

Akainua kidole. Benchi ilikijua kile kidole. Kikiinuka, kuna jambo zito linakuja.

— Mufikiri. Kati ya vyuma yote ya Masisi, banachagua ile jante. Kulikuwa mapipa, kulikuwa moto zilizokufa, kulikuwa na camion nzima imeoza pale chini ya daraja. Banasema haitoshe. Banataka paka jante tu. Kiisha banaifunga na soudure, banaiweka ndani ya uzio. Musione kama ni bujinga! Banafunga sauti yetu. Siku banakuja kuchukua mashamba ya huku juu, nani ataita mwenzake? Njo plan yao. Antenne ya Courant inaona ardhi iko wapi, mawingu yangu inafukuza batu na mvua, na jante imefungwa mudomo. Yote ni kitu moja!

— Yesu wangu, akasema Mama Sidonie.

— Sasa njo umesema, Sénateur! Courant akaruka. Na ile guidon yangu, banaiweka shingoni juu ya nini? Juu moto isikimbie kupeleka habari!

— Eh! Unaona?

— Ninaenda kuleta meule! Na essence ninatoa miye mwenyewe!

Kwa kweli Hubert hakuamini hata nusu ya maneno hayo. Lakini kwa mara ya kwanza tangu mazishi alisikia vizuri kifuani. Watu walikuwa wamekasirika pamoja naye, kwa sauti, mchana, na adui alikuwa na geti na ofisi na viti vya plastiki. Akanywa kahawa yote kwa pumzi moja. Wateja wa mandazi wakaanza kusogea. Mmoja akasema shemeji yake ana shoka. Mwingine akasema Recteur asitoke ofisini kama anapenda meno yake.

Wakati huohuo moto nyingine ikasimama na kushusha msichana mwenye mfuko mgongoni, matope yamempanda mpaka magotini. Akawasalimu wote, akaomba kahawa na mandazi, akakaa mwisho kabisa wa benchi ili asimbane mtu.

— Unatoka wapi, dada? akauliza Mama Sidonie.

— Walikale, Mama. Tumepitia Kalembe, njia imeharibika sana. Ninaitwa Emérence. Nimekuja kujiandikisha hapa université.

— Hapa?

— Ndiyo, Mama.

Benchi nzima ikamtazama kama mtu aliyetangaza kwamba anaenda kuoga mtoni wakati wa radi.

— Kabla haujaingia, akasema Sénateur, ujue unaingia wapi. Ile unaona pale, unajua ni nini?

Akaelezwa. Akaelezwa na watu watatu kwa pamoja, antenne na mawingu na mdomo uliofungwa, mpaka Mama Sidonie akawanyamazisha kwa kijiko na kumwambia taratibu habari ya mti wa avoka, na mlima, na Mama Nyiraneza na sufuria yake, na jinsi Hubert alivyokuta mnyororo mtupu. Emérence aliweka mandazi chini. Akageuka kwa Hubert, akakunja mikono miwili mbele ya kifua.

— Pole sana, kaka. Pole kabisa.

— Aksanti.

— Kwetu kule pori, tunaita batu na ngoma ya muti, ile kubwa ya kuchonga. Yetu chef aliichukua kwake, juu ya wageni bapige nayo picha. Wazee balikasirika sana.

— Unaona? Bote iko sawa! akasema Courant. Na mulifanya nini?

— Hatukufanya kitu. Hatari ikija, tunakimbia kwa chef, tunaipigia palepale.

Akatazama ng'ambo ya barabara. Jante ilikuwa inaonekana vizuri, nyeusi, katikati ya mabomba. Kisha akauliza kwa upole, bila kumkomoa mtu, kama mgeni anayeuliza njia:

— Na ninyi, ile siku, kwa nini hamukuipigia pale iko?

Courant akafungua mdomo.

— Pale... pale inakatazwa kugusa. Kuna kibao.

— Kibao baliweka juma iliyopita, akasema Mama Sidonie.

— Geti...

— Geti ilikuwa wazi. Sentinelle, yule mulinzi, alikuja kujificha mvua hapa kwangu.

— Ile imesoudéwa, akasema Sénateur. Haiwezi kulia.

— Mulijaribu, Papa? akauliza Emérence.

Fimbo ya Sénateur ikaacha kuchora. Mafuta ya mandazi yalikuwa yanachemka peke yake. Courant akamtazama Sénateur, Sénateur akatazama mlima, na yule mwenye shemeji wa shoka akakumbuka kwamba ana haraka.

Hubert alikuwa anatazama nguzo ya geti. Ile siku, akishuka kutoka kwenye mti wa avoka, aliteleza palepale. Alianguka magoti kwenye matope, akashika ile nguzo ya geti ili ainuke, na mkono wa pili ulikuwa na nyundo. Mavyuma yalikuwa mbele yake kabisa, mvua inayapiga, hatua chache tu. Aliyaona. Alikumbuka hata kuyatukana. Kisha akainuka, akakimbilia sokoni kuita watu kwa koo lake. Jante ilikuwa imekwisha kuwa œuvre, na hakuna kichwa hata kimoja Masisi nzima kilichofikiri kwamba œuvre inapigwa nyundo.

— Sikuwaza, akasema. Mungu wangu, miye mwenyewe, na nyundo ndani ya mukono. Sikuwaza!

— Nyundo, hakuna hata mumoja aliwaza, akasema Mama Sidonie, na machozi yalikuwa yanamshuka bila kuyafuta.

— Musinibembeleze! Musinibembeleze, wajinga sisi! Antenne! Mawingu! Kila asubuhi tunakaa hapa kupiga mavyuma na midomo, na...

Akavuka barabara. Nyuma yake alimsikia Courant akiita kwamba meule bado haijaletwa, asubiri. Akapita geti. Vijana wa viti wakasimama. Sentinelle akaja mbio akipunga mikono.

— Papa! Papa Hubert! Inakatazwa, soma kibao! Ile ni œuvre d'art!

— Ondoka.

— Papa, nitafukuzwa kazi!

— Nimekuambia uondoke!

Sentinelle akaona uso wake, akaondoka. Hubert akatoa nyundo mfukoni. Moyoni alikuwa anaomba jambo ambalo mtu haombi. Alikuwa anaomba jante iwe imekufa. Ikitoa sauti ya gogo, basi Recteur ndiye mwenye hatia, na yeye ataweza kulala.

Akapiga.

Ililia. Ililia kuliko ilivyowahi kulia kwenye mti, maana mabomba yote yaliitikia, na mabamba, na masufuria, na guidon ya Courant huko juu. Sauti ikatoka getini, ikapanda mlima, ikagonga ng'ambo, ikarudi. Viti vya plastiki vikatetemeka. Hubert akapiga tena, na tena, bila kupumzika, kama baba yake alivyomfundisha, huku analia kwa sauti na kuitukana ile jante, akimtukana Recteur, akijitukana mwenyewe. Recteur alitoka ofisini akiwa na karatasi za hotuba mkononi, akasema kitu, na hakuna aliyekisikia.

Kisha milima ikaanza kutoa watu. Walitoka kwenye maharagwe, walitoka kwenye malisho, wanawake na sketi zimefungwa kiunoni, wazee, wanafunzi wa shule ya msingi na mwalimu wao mbele. Kila mmoja na jembe, ama bêche, ama mikono mitupu. Mwuza nyama wa sokoni alikuja na kisu chake, hakukumbuka kukiweka chini. Wakaingia getini wakihema, na matope yao, na hakuna aliyesoma kibao.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Mama Libérata, yule ambaye nyumba yake iko chini ya ufa. Ndiye aliyemwosha Mama Nyiraneza kwa mikono yake kabla ya kuzikwa. Alikuwa na jembe begani na pumzi zimemwishia.

— Ni wapi? akauliza. Hubert, ni wapi? Ni kwa nani?

Hubert akashusha nyundo. Jante ilikuwa bado inaunguruma.

— Ni kwa mama, akasema.

— Mama nani?

— Mama yangu.

Mama Libérata akamtazama, akaitazama ile jante, akaelewa, na jembe likamtoka begani polepole. Nyuma yake watu walikuwa bado wanafika, wanapenya katikati ya viti, kila mmoja anauliza ni wapi tukachimbe.